Kalamu ya Pili

Tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Hunijui, na naomba radhi kukuingilia nyumbani kwa barua bila hodi. Mimi ni mtafiti katika kitengo cha kumbukumbu za anga. Jina lako nimelikuta kwenye orodha ya wafanyakazi wa kile kituo cha kupokea mawimbi ya setilaiti kilichofungwa zamani, na anwani nimepewa na shule ulikostaafia ukarani.

Tulipohamisha ghala tulikuta maboksi sitini na mawili ya chati za karatasi, zile ndefu zilizochorwa kwa kalamu za wino. Wenzangu walitaka zitupwe. Mimi niliomba wiki moja nizipitie, na wiki hiyo sasa ina miezi minne.

Natafuta kitu kimoja. Jua hutoa upepo, gesi ya moto mno iliyopasuka ikawa chembe zenye umeme, ambayo sisi tunaiita plazma. Upepo huo ukifika kwetu hukutana na ngao ya sumaku inayoizunguka dunia, na sehemu kubwa hupita kando. Mwingine huingia. Nataka kujua unaingiaje, na siku zipi. Setilaiti za leo zinatujibu vizuri, lakini kwa miaka yenu hatuna ila karatasi hizo.

Kwenye boksi la kumi na tisa kuna kurasa tatu za mwandiko wako. Umeeleza kwamba uliona chembe zikiingia siku ambayo, kwa elimu ya wakati ule, mlango wa ngao hiyo ulitakiwa uwe umefungwa. Ni kurasa safi sana. Lakini kuanzia mwezi uliofuata, kwa miaka minane, kila chati yenye mchoro unaofanana na huo umeiandikia pembeni kwa mkono huohuo: "Hitilafu ya kalamu ya pili." Ziko thelathini na moja.

Je, kalamu ilikuwa mbovu kweli? Kama ndiyo, siwezi kuzitumia. Sijui mtu mwingine wa kumuuliza.

Mwanao katika kazi,
Mtafiti

*

Tarehe 11 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na wifi bado anakuficha chumvi. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuambia paa linavuja, ukanijibu na wewe hujambo. Basi tuendelee na barua. Mtu aliyeitwa Sikio na kituo kizima, leo anapigiwa kelele kama yuko ng'ambo ya mto.

Nimepata barua kutoka kwa binti mmoja mtafiti. Niliisoma nimesimama mlangoni mpaka chai ikapoa. Kaka, chati zetu zipo. Nilidhani ziliishia kufungia vitumbua. Maboksi sitini na mawili, na mtu anazisoma, na ananiuliza mimi.

Tangu siku hiyo nikifumba macho niko kwenye chumba cha chati. Dirisha lenye wavu, meza ndefu, harufu ya wino na vumbi lililopashwa moto na mitambo, na kalamu sita zikikwaruza karatasi kama kuku wanaochakura majani makavu. Baridi ya mle ndani, sisi na masweta mchana wa jua kali. Na wewe upande wa pili, kwenye antena, unagonga ukuta mara mbili. Maana yake Mpangaji kafika. Unakumbuka tulivyoipa ile setilaiti jina hilo kwa sababu ilikuja ilipotaka na kuondoka bila kuaga? Nilikuwa nawasha mtambo wa karatasi, naandika saa, na kwa dakika arobaini hakuna aliyeruhusiwa hata kupiga chafya. Nilipenda dakika zile kuliko kitu chochote nilichowahi kulipwa kukifanya. Sijui kama nilipata kukuambia.

Sasa binti ananiuliza kuhusu kalamu ya pili, ile iliyokuwa inachora wingi wa chembe. Wewe ndiye uliyepeleka kurasa zangu tatu kwa Mkuu wa kituo, na wewe ndiye uliyeniletea jibu kwamba kalamu imelegea, nisipoteze muda wake. Nakumbuka niliifungua ile kalamu nikaiosha kwa spiriti kila siku kwa wiki mbili, vidole vikachubuka. Sikuona ilikolegea. Nikasema labda macho yangu. Baada ya hapo kila nilipouona ule mchoro niliandika hitilafu, nisije nikaaibika tena.

Mkuu alisema nini hasa, kaka? Alionyesha mahali penyewe? Wewe ulikuwa fundi, pengine uliipima. Jaribu kukumbuka, nimpe binti wa watu jibu la maana.

Msalimie wifi.

Mdogo wako,
Kalamu

*

Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu umepoa. Chumvi nimeacha kuidai, nimeshindwa vita.

Umenifanya nicheke peke yangu kibarazani mpaka wifi yako akatoka kuangalia kama nimepatwa na kitu. Chumba cha chati. Wewe unakumbuka kuku, mimi nakumbuka siku yako ya kwanza. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, umevaa viatu vya wifi yako vilivyojazwa magazeti puani visivuke. Mkuu anakuonyesha saa ya kwenye chati kwa madaha yake, na wewe unamwambia, kwa adabu zote, "Samahani mzee, saa hii iko nyuma sekunde arobaini." Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akatazama saa ya mkononi, akatazama ya ukutani, akaondoka zake viatu vinalia kwichi kwichi hadi mwisho wa korido. Kesho yake saa ilikuwa imerekebishwa na wewe una kazi.

Na ile siku mvua ilipoingia kwenye mtaro wa nyaya, sote tumekunja suruali na gauni tunateka maji kwa makopo ya wino, na Mpangaji anakuja baada ya robo saa. Tulimpata. Chati ya siku ile ina tope kwenye kona, kama hawajaikata. Watu hawawezi kuamini kwamba kazi za anga zilifanywa na watu wenye tope magotini.

Kuhusu hiyo kalamu: ni mambo ya miaka thelathini na nane, mdogo wangu. Kalamu zile zote zilikuwa na visirani vyake. Mkuu alisema alichosema, naye sasa ni marehemu. Mwambie huyo mtafiti ilikuwa mbovu, mzigo uishe, atafute kazi nyingine ya kumpatia cheo. Karatasi za zamani kama hizo zitamtia mafua bure, na wewe pia.

Je, kaburi la mama limepaliwa? Mwaka huu mvua imezidi. Kama hukupata mtu, niambie nitume mtu kutoka huku.

Kaka yako,
Sikio

*

Tarehe 30 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilimuuliza kwanza kaka yangu, aliyekuwa fundi wetu wa antena na vipimo. Anasema nikuambie kalamu ilikuwa mbovu.

Nimekaa na jibu hilo siku tatu na nimeshindwa kulituma likiwa peke yake. Nitakueleza ninachokijua, uamue mwenyewe.

Kalamu ya pili ilikuwa na tabia moja mbaya. Jenereta ikiwashwa, ilitetemeka kwa sekunde kumi hivi na kuacha mchoro wenye manyoya. Utaziona hizo nyingi. Kalamu mbovu haina subira, hurukaruka. Lakini mchoro ule mwingine haukuwa hivyo. Ulipanda taratibu, ukakaa, ukashuka, ukapanda tena, kila baada ya dakika tatu, kwa muda wote ambao setilaiti ilikuwa inapita kwenye ubavu wa ngao. Na kalamu ya kwanza, ya mwelekeo wa sumaku, ilikuwa imetulia kaskazini. Sisi tulifundishwa kwamba sumaku inayokuja na upepo wa jua ikielekea kusini, inashikana na ya dunia na mlango unafunguka. Ikielekea kaskazini, mlango umefungwa. Ndiyo maana niliandika zile kurasa.

Nilipoambiwa ni kalamu, nilikubali. Nilikuwa na miaka thelathini, na aliyeniambia nilimwamini.

Naomba nakala ya kurasa zangu. Sijaziona tangu zitoke mkononi mwangu.

Mama yako,
Kalamu (ndivyo walivyokuwa wakiniita)

*

Tarehe 14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nakala hizi hapa. Nimezitoa kwa rangi ili usomeke wino mwekundu wa pembeni, ambao ni wa Mkuu wa kituo. Kwa kuwa umefifia, nauandika hapa pia: "Kazi nzuri sana. Msomaji huyu apelekwe makao makuu miaka miwili, pamoja na chati zake, akafundishwe kuzifanyia hesabu. Nipate jibu lake kabla ya mwisho wa mwezi."

Na chini yake, siku tisa baadaye: "Kaka yake ameleta jibu kwamba hataki, kwa sababu za nyumbani. Inasikitisha. Faili lifungwe."

Nilisikitika na mimi nilipoyasoma, ila nakuelewa kabisa, Mama. Hata leo wengi wetu tunakataa safari kama hizo. Kilichonishangaza ni kwamba katika faili zima hakuna mahali Mkuu anapotaja ubovu wa kalamu.

Nikueleze kwa nini nasumbuka hivi. Siku hizi tuna setilaiti nne zinazoruka pamoja. Setilaiti moja ikiona chembe zinapanda na kushuka, haijui kama wimbi ndilo limepita au yenyewe ndiyo imepita kwenye wimbi. Nne zikiwa zimeachana kidogo, zinajua. Na zimeona hivi: upepo wa jua unapokwenda kasi kando ya ngao, unaisukuma ngozi ya ngao mpaka inajikunja, kama maji yaendayo mbio yanapopita ubavuni mwa maji yaliyotulia. Mkunjo mmoja waweza kuimeza dunia nzima na nafasi ikabaki. Ndani ya mikunjo hiyo plazma inaviringishwa na kuingizwa, hata sumaku ikiwa kaskazini. Na mikunjo hupita mmoja baada ya mwingine kila baada ya dakika chache.

Wewe uliandika dakika tatu. Ulikuwa na setilaiti moja na kalamu sita.

Shida yangu ni moja tu. Watakaokagua kazi yangu wataona neno "hitilafu" limeandikwa na msomaji mwenyewe, na watazikataa chati zote thelathini na moja. Maneno yako ya leo hayatawatosha. Nahitaji kitu kilichoandikwa wakati uleule, kinachoonyesha kalamu ilikuwa nzima. Je, kuna chochote?

Mwanao,
Mtafiti

*

Tarehe 20 Aprili

Kaka,

Nakala ziko ndani ya bahasha hii. Soma wino mwekundu.

Nataka kujua mambo mawili. Kalamu ya pili ilikuwa nzima? Na aliyekataa ni nani?

Mdogo wako

*

Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Kalamu ilikuwa nzima. Aliyekataa ni mimi.

Nimeandika sentensi hizo mbili siku ya kwanza na zimelala mezani wiki nzima, maana sikujua ya tatu.

Mkuu aliniita ofisini Jumanne asubuhi. Alikuwa na kurasa zako mkononi. Akaniambia, "Huyu mdogo wako unamfichia nini kwenye karatasi?" Nilitoka pale nimejaa furaha mpaka nikaizunguka antena mara mbili, uso utulie kabla sijaingia ndani. Nilitaka nikuambie jioni, kwa mama, ukiwa umekaa. Mchana nikapita nyumbani. Wewe ulikuwa kazini.

Nikamkuta mama kwenye kiti chake cha dirishani. Miezi saba tangu apooze. Unajua maneno yake yalivyokuwa, nusu yanatoka na nusu yanabaki mdomoni. Wewe ulikuwa unamjibu kama mtu anayeongea kawaida. Mimi mwanawe wa kwanza nilikuwa naitikia tu, kama ninavyoitikia watu sasa hivi. Nikajiuliza: huyu akiondoka, nani atajua mama anataka maji au anataka kugeuzwa? Nikaamua palepale. Niliamua peke yangu, sikumshirikisha mtu.

Ningeweza kukuambia Mkuu amekataa tu. Lakini ungekwenda kumuuliza, nakujua. Nikatafuta uongo ambao hungeuhoji. Kalamu zilikuwa zako, ulizitunza kama watoto. Nikajua nikisema kalamu ni mbovu utajilaumu kwanza mwenyewe, na mtu anayejilaumu haulizi. Nilikutazama wiki mbili ukiiosha ile kalamu kwa spiriti. Nilikuwa nakuletea pamba. Katika yote niliyoyafanya, mimi hilo la pamba ndilo linalonijia.

Mkuu alihamishwa mwezi uliofuata na hakuna aliyeuliza tena. Mama akaishi miaka sita. Alipofariki nilisema nitakuambia baada ya arobaini. Kisha nikasema kituo kikifungwa. Kisha nikawa na watu wa kuwalea, na wewe una kazi yako ya ukarani, unaonekana umetulia. Nikasema basi.

Ndani ya kifurushi utakuta daftari la vipimo. Kila wiki nilikuwa nazipima kalamu zote na kuandika. Tazama ukurasa wenye tarehe ya siku mbili baada ya kukudanganya: "Kalamu ya pili: nzima. Imepimwa mara tatu." Na wiki iliyofuata, na iliyofuata, miaka yote minane. Kwenye daftari sikuweza kuandika uongo, kazi yangu ilikuwa ileile moja. Kituo kilipofungwa nilitakiwa kulirudisha. Sikulirudisha. Limekaa chini ya mashati, wifi yako anadhani ni la mchango wa kikundi.

Nilipokuambia umjibu yule binti kwamba kalamu ilikuwa mbovu, nilikuwa nakudanganya mara ya pili, mimi mzee wa miaka sabini na sita. Hilo nalo nalijua.

Ukininyamazia nitaelewa. Ila usiiache kazi ya yule binti kwa sababu yangu. Mpe daftari.

Kaka yako

*

Tarehe 19 Agosti

Mama,

Shikamoo. Tangu uondoke hapa kitengoni, kile kiti karibu na dirisha hakuna anayekikalia. Wenzangu waliotaka chati zitupwe sasa wanaziulizia kwa namba.

Nimemaliza hesabu. Kati ya zile thelathini na moja, tano ni jenereta, kama ulivyosema siku ya pili tu ulipofika, kabla sijatoa mashine yangu ya hesabu mfukoni. Ishirini na sita ni kitu halisi. Daftari la vipimo limewanyamazisha wote waliokuwa na shaka: vipimo vya kila wiki, miaka minane, hakuna wiki iliyorukwa. Mkubwa wangu alilifunua akasema hajawahi kuona fundi wa namna hii.

Andiko liko tayari. Jina lako liko mbele ya langu, na tafadhali usinigombeze, nimeshaamua.

Limebaki jambo moja, na sikutaka kuliandika bila wewe. Lazima nieleze kwa nini chati nzima ziliandikwa "hitilafu", na nani alisababisha. Kwa wiki tano tulizokaa meza moja hukuwahi kulizungumzia, na mimi nilikuona ukilifungua lile daftari kila asubuhi ukilifunga bila kusema. Niandike nini?

Mwanao,
Mtafiti

*

Tarehe 2 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Najua nimekunyamazia karibu miezi minne. Nilitaka. Nilikwenda kwa yule binti na daftari lako mkobani na sikukutumia hata salamu. Kila asubuhi nilikuwa nalifungua nione mwandiko wako, nzima, nzima, nzima, nalifunga hasira zimepanda upya. Nilikuwa nazihitaji, zilinisaidia kupanda ngazi za lile jengo.

Wakati wa kurudi nilipita kwa mama mdogo. Anakaribia tisini, anasikia kuliko wewe na anakula chumvi yake hadharani. Nilikusudia kulala siku moja. Nilimwambia yote. Nikamwambia ulivyomtazama mama kwenye kiti ukaamua peke yako, kama mtu anayechagua shati.

Alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Nani kakuambia aliamua peke yake?"

"Yeye mwenyewe. Kaandika."

"Basi kaandika uongo mwingine," akasema. "Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kumwogesha mama yako. Kaka yako aliingia anacheka, akamwambia mama yako, mwanao anapelekwa kusoma, na mama yako akaanza kulia. Akasema neno. Kaka yako hakulielewa, akasema rudia, mama. Akarudia. Akasema rudia. Mara tatu. Mimi nililielewa mara ya kwanza, lakini nilinyamaza, kwa sababu nilimwona kaka yako anavyomtazama. Alikuwa anaomba awe amesikia vibaya."

"Alisema nini?"

"'Asiniache na watu wasionisikia.'"

Mama mdogo anasema ulikaa kwenye kitanda, ukamwambia mama, "Hatajua kama umesema." Na ukawalisha yamini wote wawili. Kaka, umemficha mama miaka thelathini na nane, na mwezi wa tano, wakati ungeweza kumweka mbele ukapumua, umejiweka wewe.

Sijui nikushukuru au nikugombeze, kwa hiyo nitakueleza nilichofanya tu. Nilikwenda kaburini Ijumaa, nikapalia mwenyewe. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa kupata pa kuanzia. Miaka sita nilimlisha, nikamgeuza, nikawa mdomo wake kwa wageni, na sikumbuki siku niliyotamani kuwa mahali pengine, kwa sababu sikujua kuna mahali pengine. Hilo mlinipa au mliniibia, bado sijaamua. Nikiamua nitakuandikia.

Yule binti aliniuliza kwa barua aandike nini kuhusu lile neno hitilafu, nikampigia simu. Nimemwambia aandike hivi: alama ziliwekwa na msomaji baada ya kupewa taarifa isiyo sahihi kuhusu kalamu, na fundi wa vipimo wa kituo ametoa daftari lake kuthibitisha kwamba kalamu ilikuwa nzima. Jina lako litakuwepo, chini, kama mpimaji. Aliuliza taarifa isiyo sahihi ilitoka kwa nani. Nikamwambia ilitoka nyumbani. Akaandika "sababu zisizohusiana na vifaa", akanisomea, na tukaendelea na mengine. Ni mtoto mwenye akili.

Nilizisoma zile chati kaka, na mikono ilikuwa inakumbuka. Ile yenye tope kwenye kona ipo. Nilipoiona nilitoka nje kidogo, nikamwambia binti ni vumbi.

Nimebakiwa na jambo moja ambalo nataka ulijue, usije ukafa unajidanganya kwamba uliniondolea tu mzigo wa kuchagua, kwamba hata ningeulizwa ningebaki. Nimelifikiria wiki nne, kwa haki, nikimweka mama mbele yangu kwenye kile kiti. Ningekwenda. Ningelia, ningemtafutia mtu, ningeandika barua kila wiki, lakini ningekwenda. Na pengine angefariki mimi nikiwa huko.

Ukiweza kukaa na hilo, njoo. Kuna maboksi arobaini hayajafunguliwa na binti ameniomba nirudi baada ya mvua. Anahitaji mtu wa kumweleza antena ilikuwa inaelekea wapi siku kwa siku. Nimemwambia namjua mmoja, ila ni kiziwi na hasikii kitu mpaka arudiwe mara tatu.

Msalimie wifi. Mwambie lile daftari halikuwa la kikundi.

Mdogo wako,
Kalamu

*

Tarehe 13 Septemba

Mdogo wangu,

Nitakuja. Wifi yako ameshatoa begi na ameanza kunifungia dawa kwa siku, kila siku na mfuko wake. Tutafika Alhamisi ya wiki ijayo mchana, usihangaike kuja kutupokea.

Barua yako nimeisoma mara nne. Yule mama mdogo niliapa naye, na ameishi miaka yote hiyo ili aje anivunjie kiapo akiwa na ungo mkononi. Simlaumu.

Hilo lako la mwisho nimekaa nalo, kama ulivyosema. Halikunishtua. Nilijua ungekwenda. Mama naye alijua. Ndiyo maana hatukukuuliza.

Kaka yako,
Sikio